Wagonjwa Waliotundikwa Ukutani

Katika mji wa Bruges, nchini Ubelgiji, imehifadhiwa taswira ambayo Jan van Eyck aliikamilisha mwaka 1436, na ndani yake Bikira Maria amekaa katikati na mwanawe mapajani, Mtakatifu Donatian amesimama upande mmoja katika joho zito la kiaskofu, Mtakatifu Joji upande wa pili akiinua chapeo yake kwa adabu, na karibu ya Joji huyo amepiga magoti mzee wa kanzu nyeupe, mwenye kitabu cha sala na miwani mikononi, ambaye hakuwa mtakatifu hata kidogo bali ndiye aliyetoa fedha za kazi yote. Jina lake lilikuwa Joris van der Paele, padri mwenye kiti katika baraza la kanisa la Mtakatifu Donatian, mtu aliyepata kutumikia diwani ya Papa huko Roma kisha akarejea kwao na mali ya kutosha kununua nafasi ya milele miguuni pa Bikira. Van Eyck alipokea malipo yake, lakini hakumpendelea mlipaji: kila kunyanzi, kila mkunjo wa shingo na kila kasoro ya ngozi vimewekwa mahali pake, bila ya haya wala huruma.

Wazuru wengi hupita wakistaajabia zulia, vito na mng'aro wa silaha za Joji. Matabibu husimama mbele ya kichwa cha mzee. Kwenye panja linalotukabili mshipa wa damu umetuna na kujipinda chini ya ngozi, nywele za mbele ya sikio zimepukutika, na mkono unaonekana kuvimba na kukakamaa. Mwaka 1981 Jan Dequeker, tabibu wa maradhi ya viungo kutoka Leuven, aliandika katika jarida la matabibu wa Kanada kwamba hapa pana mgonjwa wa uvimbe wa mishipa ya panja, maradhi ambayo aghalabu hufuatana na maumivu makali ya mabega na nyonga kwa watu waliopita umri wa miaka 50, na ambayo yakiachwa bila ya dawa huweza kumpofua mtu. Fikra hii ingekuwa porojo ya kupendeza tu lau isingekuwa daftari za baraza la kanisa, ambazo zimesalia, na ambazo zaonyesha kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1430 mzee huyu alisamehewa kuhudhuria sala za alfajiri kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa aina hii anajua maana ya jambo hilo, kwa kuwa mwili wake hukaza asubuhi kupita wakati mwingine wowote, hata kuinua mkono avae kanzu kukawa ni mashaka. Na makatibu wa baraza, waliokuwa wakihesabu mahudhurio na posho tu, waliandika dalili ya maradhi bila ya kujua kwamba wanaandika dalili.

Inafaa kukumbuka kwamba Ulaya ilichelewa kuyatambua maradhi yenyewe. Maelezo ya Jonathan Hutchinson wa London, yanayotajwa kila mara, ni ya mwaka 1890, ilhali Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, alikwisha kuandika mnamo mwaka 1000 juu ya kutibu mishipa ya panja kwa wenye kuumwa kichwa na macho, kwa kuchelea upofu. Van Eyck hakuwa na habari ya Ali wala ya Hutchinson. Aliona mshipa, akachora mshipa.

Je, shauri limekwisha? Bado. Mishipa ya panja hutuna kwa wazee wengi waliokonda wasio na ugonjwa wowote, miwani ni ya kila msomaji mwenye umri, na padri aliishi hadi mwaka 1443, muda si mfupi kwa mtu asiyekuwa na dawa. Hata hivyo mimi nakaribia kusadiki, na sababu yangu ni ile ile ambayo kadhi angeitoa katika baraza lake: shahidi mmoja, hata awe mwadilifu namna gani, hatoshi kumtoa mtu mali yake, lakini wakija wawili wasiojuana, wakasema jambo moja kwa maneno mbalimbali, hukumu hupata mahali pa kusimama. Taswira ni shahidi wa kwanza. Swali la kuuliza kila tabibu anapotangaza ugonjwa wa mtu aliyekufa zamani ni kama ana wa pili.

Desturi ya kuwapima waliochorwa ina umri wa karne moja na nusu hivi. Elimu ya firasa, ambayo Fakhruddin Razi aliitungia kitabu kabla ya kufariki mwaka 1210, ilitafuta tabia ya mtu katika umbo lake. Mabingwa wa Paris walitafuta maradhi. Mwaka 1887 Jean-Martin Charcot, mkuu wa maradhi ya neva katika hospitali ya Salpêtrière, alishirikiana na Paul Richer, aliyekuwa tabibu na mchongaji pamoja, kutoa kitabu juu ya waliopagawa na mashetani katika sanaa, na miaka miwili baadaye wakatoa kingine juu ya vilema na wagonjwa. Walidai kwamba wale ambao wachoraji wa makanisa waliwaonyesha wakitokwa na pepo walikuwa na histeria, ugonjwa ambao Charcot aliuona kila siku katika wodi zake. Ajabu ni kwamba matabibu wa leo wamekwisha kuliacha jina hilo la ugonjwa, hata imekuwa pepo na histeria wamekaa katika sanduku moja la mambo ya kale, na zile picha bado zinatutazama.

Hata hivyo si haki kuidharau kazi hii. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Irwin Braverman, tabibu wa ngozi, na Linda Friedlaender wa jumba la sanaa za Kiingereza la chuo hicho, waliwapeleka wanafunzi wa udaktari mbele ya picha na kuwataka waeleze waonacho kabla ya kusema wadhanicho. Na mwaka 2001 walitangaza kwamba wanafunzi hao walipata uhodari zaidi wa kueleza hali za wagonjwa kuliko wenzao. Jicho hunolewa, na mahali pa kulinolea pasipo na mgonjwa wa kudhurika ni pema. Isitoshe, ziko taswira ambazo hazina ubishi wowote: pua ya yule babu aliyechorwa na Domenico Ghirlandaio mnamo mwaka 1490 akimkumbatia mjukuu wake, ambayo sasa iko Louvre, imejaa vinundu vya rinofima, uvimbe wa ngozi ya pua, kwa namna ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeijua. Mjukuu amuangalia babu yake usoni bila ya kushtuka, na hilo si la utabibu.

Ugumu huanza pale tunaposahau kwamba mchoraji alikuwa mwajiriwa. Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino, alipoteza jicho lake la kulia katika mchezo wa mikuki mwaka 1450, na kwa hiyo Piero della Francesca, kama wachoraji wengine wa zama zake, alimchora ubavu wa kushoto. Twaona pua iliyokatika juu karibu na paji, bali jicho lililokufa limefichwa nyuma ya uso. Malkia Elizabeth wa Uingereza aliugua ndui mwaka 1562, na asiyejua habari hiyo hataipata katika taswira zake, kwani hata alipokuwa anakaribia umri wa miaka 70 alichorwa na mashavu ya mwari. Tabibu anayetafuta makovu ya ndui katika uso huo anatafuta kitu kilichoondolewa kwa amri.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Kaisari Karl wa Tano. Tiziano alimchora mwaka 1548 akiwa juu ya farasi mweusi, mkuki mkononi, katika ukumbusho wa ushindi wake wa Mühlberg wa mwaka uliotangulia, na hakuna dalili hata moja katika turubai hilo kubwa, lililoko Prado mjini Madrid, kwamba mpanda farasi yule alikuwa ameteswa na jongo tangu kabla hajatimiza miaka 30, kwamba zilikuwapo siku ambazo miguu yake haikuvumilia kiatu na akachukuliwa kwa machela, na kwamba maumivu hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya aache kiti cha enzi na kwenda kukaa katika monasteri ya Yuste, alikofariki mwaka 1558. Shahidi hapa hakupatikana ukutani. Ncha ya kidole kidogo cha Karl ilikatwa kutoka katika maiti iliyokauka na kuwekwa katika kisanduku, nayo imehifadhiwa El Escorial; na mwaka 2006 Jaume Ordi na wenzake wa Barcelona walitangaza kwamba walikichunguza kidole hicho kwa hadubini na kukuta chembe za chumvi ya asidi ya yuriki zimekula kiungo na kuingia ndani ya mfupa. Kidole kilisema yaliyofichwa na Tiziano. Nani atamlaumu Tiziano? Kaisari hakumwita Augsburg kuandika cheti cha hospitali.

Upande wa taya, kinyume chake, wachoraji wa ukoo wa Karl, ukoo wa Habsburg, walishindwa kuficha, ama walikwisha kuzoea. Taya la chini lililochomoza na mdomo mzito vinamfuata Karl, vinawafuata wajukuu na vitukuu, hadi kufikia Carlos wa Pili wa Uhispania, aliyezaliwa mwaka 1661 na kufa bila ya mrithi mwaka 1700, mtoto wa mtu na mpwa wake. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Román Vilas wa Santiago de Compostela waliwapa wapasuaji 10 wa taya na uso taswira 66 za watu 15 wa ukoo huo, wapime kila uso, kisha wakalinganisha alama hizo na nasaba iliyoandikwa kwa vizazi 20, wakaona kwamba kadiri wazee wa mtu walivyozidi kuoana jamaa kwa jamaa ndivyo taya lake lilivyozidi kuchomoza. Hapa mchoraji mmoja akidanganya wenzake watamrekebisha, na vitabu vya nasaba vimetoka katika mikono ambayo haikuwa na haja na taya la mtu. Katika kazi zote za namna hii nilizozisoma, hii ndiyo ninayoiona yenye insafu zaidi.

Sasa tumwendee bibi mbaya wa London. Katika Jumba la Taifa la Sanaa huko yuko bibi kizee aliyechorwa na Quinten Massys wa Antwerp mnamo mwaka 1513: kipaji kimefura, pua ni fupi yenye matundu yaliyotanuka, nafasi kati ya pua na mdomo ni ndefu kupita kiasi, shingo imejaa makunyanzi, na juu ya hayo yote amejifunga kilemba cha pembe mbili kilichopitwa na wakati, amevaa gauni la kubana kifua na ameshika kitumba cha waridi ambacho hakijachanua. Mchoraji wa vitabu John Tenniel alimfuata alipochora yule mwanamke wa kitawala katika hadithi ya watoto ya Kiingereza ya Alice. Mwaka 1989 Dequeker, yule yule wa taswira ya Bruges, aliandika katika jarida la matabibu wa Uingereza kwamba bibi huyu alikuwa na maradhi ya Paget, ambayo hufanya mifupa ikue ovyo na kupoteza umbo, na ambayo James Paget mwenyewe aliyaeleza mwaka 1877. Na baadaye Michael Baum, mpasuaji wa London, akaiunga mkono rai hiyo na kuieneza.

Maelezo hayo yana huruma ndani yake, na kwa sababu hiyo yalipendwa: yule aliyechekwa kwa karne kadhaa akawa mgonjwa wa kuhurumiwa. Lakini uko mchoro wa kichwa kile kile, katika hazina ya mfalme wa Uingereza, uliotoka katika karakana ya Leonardo da Vinci, ambaye alipenda kubuni nyuso za ajabu kwa ajili ya kujifurahisha. Na wajuzi wa sanaa siku hizi waelekea kuamini kwamba Massys ndiye aliyeiga kutoka kwa Leonardo. Ikiwa ndivyo, huenda hakuna bibi yeyote aliyepata kukaa mbele ya Massys. Aidha bibi huyu ana mwenzake, taswira ya mwanamume mzee anayemtazama na kunyoosha kiganja kukataa waridi lake, na mbele ya jozi hiyo dhihaka yadhihirika: ni kizee anayejipamba kama kijana. Dhihaka hiyo ni ya kikatili, nami siipendi. Lakini kutoipenda si hoja ya utabibu. Rai ya Paget ina shahidi mmoja tu, na shahidi mwenyewe anacheka.

Rembrandt ameleta mashauri mawili. La kwanza ni la Bathsheba wa Biblia, aliyechorwa mwaka 1654 na ambaye sasa yuko Louvre, ambaye inadhaniwa alichorwa kwa kumtazama Hendrickje Stoffels, mwanamke aliyekuwa akiishi na mchoraji bila ya ndoa na ambaye mwaka huo huo aliitwa mbele ya baraza la kanisa kwa ajili hiyo. Mwaka 1983 mpasuaji wa Australia, P. A. Braithwaite, pamoja na Dace Shugg, waliandika kwamba titi la kushoto limebonyea na kubadilika umbo, na karibu na kwapa pana uvimbe, nao wakaona humo saratani. Hendrickje alifariki mwaka 1663. Saratani ya titi isiyotibiwa ikamwacha mtu hai miaka tisa? Yaweza kutokea, ila ni nadra. Na mwaka 1663 tauni ilikuwa Amsterdam. Wengine wamesema ni jipu la maziwa au kifua kikuu cha titi, na kweli Hendrickje alijifungua binti katika Oktoba ya mwaka ule ule wa 1654. Nami nawaza kwamba kivuli cha brashi mahali ambapo mkono umeegemea chaweza kueleza nusu ya hayo yote.

La pili ni la macho ya Rembrandt mwenyewe. Mwaka 2004 Margaret Livingstone na Bevil Conway wa Harvard walitazama picha 36 alizojichora, 24 za rangi na 12 za bamba la shaba, wakaona kwamba jicho moja hutazama mbele na la pili hukimbilia nje, yaani alikuwa na makengeza na huenda hakuweza kuona kina cha vitu kwa macho mawili. Uzuri wa hoja yao ni huu: picha ya bamba ikichapwa hugeuka, kulia kukawa kushoto, na katika hizo za bamba jicho linalokimbia ni lile la upande wa pili, kama ipasavyo. Kosa la mkono lisingegeuka kwa utii namna hiyo. Hii ni bora mara mia kuliko dai la tabibu mmoja wa macho wa Uhispania, mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba mchoraji El Greco alirefusha watu kwa sababu jicho lake lilirefusha vitu, hali ya kuwa jicho la namna hiyo lingelirefusha turubai vilevile, na yote mawili yakafutana.

Kuhusu Mona Lisa wa Leonardo nitasema kwa ufupi kuliko alivyozoea. Mwaka 2004 Dequeker na wenzake waliona alama ya manjano kwenye pembe ya jicho lake la kushoto na kinundu cha mafuta mkononi, wakafikiria lehemu nyingi katika damu. Mwaka 2018 Mandeep Mehra wa Boston na Hilary Campbell wakaona ngozi ya manjano, nywele chache, nyusi zisizokuwapo na shingo nene, wakafikiria tezi ya shingo iliyolegea katika kazi yake, na lile tabasamu nalo likawa udhaifu wa misuli. Umanjano huo ni wa vanishi iliyozeeka. Katika Prado iko nakala iliyochorwa na mwanafunzi katika karakana ya Leonardo wakati ule ule, na iliposafishwa kufikia mwaka 2012 alionekana mwanamke wa mashavu mekundu mwenye nyusi zake zote. Lisa Gherardini, anayeaminiwa kuwa ndiye mwanamke wa picha hiyo, alizaliwa mwaka 1479 na kufariki mwaka 1542, baada ya kulea watoto kadhaa na kufika umri ambao wengi wa zama zake hawakuufikia.

Yuko mwingine ambaye maradhi yake hayana shaka. Pedro González, aliyezaliwa Tenerife mnamo mwaka 1537, alikuwa na nywele ndefu usoni kote, akapelekwa angali mtoto kwa mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa, akasomeshwa Kilatini, akaoa mke asiyekuwa na hali hiyo. Katika ngome ya Ambras, karibu na Innsbruck, wamechorwa mume, mke, na watoto wao wawili, na mtazamaji huona kwa mara moja yale ambayo elimu ya urithi ingekuja kuyaeleza: baba mwenye nywele, mama laini, watoto wenye nywele. Binti mwingine, Antonietta, alichunguzwa huko Bologna na Ulisse Aldrovandi, mwanachuoni wa viumbe, na mnamo mwaka 1595 akachorwa na Lavinia Fontana, naye ni mtoto mwenye gauni la darizi, maua kichwani, na macho yanayotutazama wima. Mikononi ameshika karatasi yenye habari zake: baba yake alipatikana Visiwa vya Kanari, akapelekwa kwa mfalme wa Ufaransa, kisha wakawa kwa mtawala wa Parma, na yeye sasa yuko kwa bibi mmoja wa kitawala huko Soragna. Ni orodha ya mikono aliyopitia, kwani watoto wa nyumba hiyo walitolewa hidaya baina ya wakubwa, na hakuna tabibu ambaye angeyasoma hayo katika ngozi yake. Mwaka 1993 matabibu walipotaka jina kwa ajili ya namna moja ya hali hiyo, waliiita kwa jina la Ambras, ngome iliyotundika picha.